Kuiadhimisha Krismasi Ukiwa Kazini: Niliyojifunza Unguja

Mkristo anayehamia Unguja kutoka bara hugundua jambo moja mapema ifikapo Desemba, nalo ni kwamba mtaa haumhimizi kusherehekea. Wakazi wa visiwa hivi kwa wingi wao ni Waislamu, na ingawa tarehe 25 na 26 Desemba ni sikukuu za kitaifa na ofisi za serikali hufungwa, maduka ya Darajani huuza kama siku nyingine, daladala hujaza abiria kama kawaida, na mtoto anayepita asubuhi ile na nguo mpya huenda akaulizwa kama anakwenda harusini. Ungedhani kwamba mahali kama hapa sikukuu yetu ingekuwa nyepesi, kwa kuwa hakuna jirani wa kushindana naye kwa mapambo wala kwa ukubwa wa sufuria. Kwangu mimi na mume wangu haikuwa hivyo. Kwa miaka kadhaa Desemba ndio ulikuwa mwezi tuliouogopa kuliko yote, na tarehe 25 ilipita bila jina la Yesu kutajwa nyumbani mwetu nje ya sala ya chakula.

Naandika haya kwa Wakristo wenzangu wenye kazi ambazo Krismasi huziongezea mzigo badala ya kuzisimamisha: wa hotelini, wa hospitalini, wa bandarini, walinzi. Mahubiri mengi ya Desemba hutuambia tusikubali pilikapilika zituibie sikukuu, nami nakubaliana nayo, ila huwa hayasemi mtu afanye nini ikiwa pilikapilika hizo ndizo zinazomlipa mshahara.

Nilikulia Muheza, karibu na Magila, mahali ambapo wamisionari wa Kianglikana waliotokea Unguja walifika katika karne ya 19. Krismasi ya utotoni mwangu ilikuwa ya kanisani: Misa ya mkesha, Misa ya asubuhi, kwaya, kisha wali na nyama kwa bibi. Nilipoolewa na kuhamia Unguja nilipata kazi katika hoteli ya pwani ya kaskazini mashariki, nikaanza kama mhudumu wa vyumba na sasa nasimamia zamu ya usafi. Kwa anayejua kazi hizi sihitaji kueleza Desemba ni nini. Kwa asiyejua, inatosha kusema kwamba kuanzia katikati ya mwezi huo hadi baada ya mwaka mpya likizo hazitolewi, vyumba vyote vina watu, na chumba anachotoka mgeni mmoja saa nne asubuhi lazima kiwe tayari kwa mgeni mwingine kabla ya saa nane mchana, mashuka yamebadilishwa, bafu limekauka, na taulo zimekunjwa umbo la tembo juu ya kitanda.

Hotelini Krismasi huanza Novemba. Mti wa plastiki hutolewa stoo, pamba hutandazwa kwenye matawi yake iwe theluji, na nyimbo za Krismasi za Kizungu huanza kupigwa mapokezi asubuhi hadi usiku, huku upepo wa kaskazi ukianza kuvuma na joto likiwa limepita nyuzi 30. Sina ugomvi na mapambo hayo. Wageni wametoka mbali, wengine wameweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya wiki moja ya bahari, na wengi wao ni watu wema wanaojua kushukuru. Kinachochosha ni kulisikia neno Krismasi kutwa kucha katika orodha ya vyakula, katika bei ya chakula cha usiku na katika matangazo ya ngoma za ufukweni, hadi siku yenyewe inapofika neno limekwisha ladha. Wafanyakazi Waislamu huvaa kofia nyekundu kwa sababu ndiyo sare ya siku hiyo, wafanyakazi Wakristo huvaa kwa sababu ile ile, na hakuna anayejisikia kwamba yuko kwenye sikukuu ya mtu.

Upande wa pili ulikuwa simu za nyumbani. Kuanzia katikati ya Novemba kundi la ukoo huanza kuchangamka: mchango wa mbuzi ni kiasi gani, vitenge vya sare vimeshapatikana Tanga mjini, nani anakuja na nani haji. Ndugu wanaoishi bara huamini kwamba anayefanya kazi hoteli za Zanzibar anaokota dola mchangani, na ni vigumu kuwaondolea dhana hiyo kwa sababu sisi wenyewe tumeilisha kwa picha tunazopiga mbele ya mabwawa ya kuogelea ambayo haturuhusiwi kuyaingia.

Mwaka mmoja hoteli ilikuwa katika matengenezo na nikapata ruhusa, basi tuliamua kwenda sote. Nauli ya boti hadi Dar es Salaam kwa watu watano, nauli ya basi hadi Muheza ambayo wakati huo ilikuwa imepanda, vitenge vya sare, mchango wa mbuzi, viatu vya watoto, zawadi za wazee, na pesa za kuwapa mkononi wale wanaokuja kukusalimia kwa sababu wamesikia umefika. Jumla ilipita mshahara wangu wa mwezi, na kilichopungua mume wangu alikikopa. Bahari ilichafuka njiani, watoto wawili walitapika, na mimi na baba yao tulirushiana maneno kuhusu begi lililosahaulika, ingawa wote wawili tulijua kwamba ugomvi haukuwa wa begi. Tulifika usiku wa mkesha tukiwa hoi na tukalala hadi Misa ya asubuhi ikaisha. Siku mbili baadaye tulianza safari ya kurudi. Januari ikaja na ada, sare za shule na madaftari, tukaziba kwa mkopo wa simu, na mkopo wa simu una tabia ya kukua usiku watu wakiwa wamelala. Pasaka ilitukuta bado tunalipa deni la Krismasi.

Ni mwaka ule ule, nadhani mwishoni mwa Novemba uliofuata, ambapo jirani yetu wa Tomondo, mtaa tunaoishi, aliniuliza swali lililobadilisha mwelekeo wetu. Yeye ni mama mtu mzima, sote mtaani tunamwita Bi Mkubwa, na alikuwa amekaa barazani akinitazama nikishuka kwenye gari la wafanyakazi nikiwa na mifuko mikononi.

“Mwanangu, nyie kwenu hakuna mfungo kabla ya sikukuu?”

“Upo, Bi Mkubwa, lakini ni ule wa kabla ya Pasaka.”

“Basi hii nyingine mnaiingia hivi hivi tu, na pumzi juu?”

Nilimwambia kwamba tuna majuma manne ya Majilio ambayo ni ya kujiandaa. Akauliza, kwa nia njema kabisa, hayo majuma yanafanywaje, nami sikuwa na la kumwonyesha zaidi ya mifuko.

Aliyeishi Unguja anajua Ramadhani inavyougeuza mji. Mchana mikahawa hufungwa, sauti hushuka, hasira huombewa radhi haraka kwa sababu mtu amefunga, na jioni mtaa mzima hukutana kwenye futari na tarawehe. Sidai kwamba majirani zetu hawana matatizo yao. Bi Mkubwa mwenyewe hulalamika kwamba kumi la mwisho la mwezi mtukufu watu wanalimalizia Darajani wakinunua nguo badala ya kukaa kwenye ibada, na kwamba bei za vitu hupandishwa na watu wanaofunga kwa watu wanaofunga. Hata hivyo Idd inapofika inakuta watu walioisubiri kwa tumbo na kwa ulimi, hata yule asiye na nguo mpya. Sisi tulikuwa tumegeuza mpango: karamu ya mwezi mzima kwanza, kisha siku yenyewe tuko hoi. Sikukuu iliyobebeshwa siku moja ni kama ngalawa iliyopakiwa upande mmoja. Hata bahari ikitulia, haiendi.

Kanisa halikutupangia hivyo. Katika kalenda yetu, kama ilivyo kwa Wakatoliki na Walutheri, Majilio huanza Dominika ya nne kabla ya Krismasi, rangi ya kanisani huwa zambarau, na masomo humngoja Bwana anayekuja huku yakimsikiliza Yohana Mbatizaji. Kisha Krismasi yenyewe haiishi jioni ya tarehe 25. Kesho yake ni siku ya Stefano shahidi, tarehe 27 ni ya Yohana Mwinjili, tarehe 28 ni ya Watoto Mashahidi waliouawa na Herode, na mfululizo huo hufika hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Nilifundishwa haya yote katika darasa la Kipaimara na sikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kumsaidia mtu wa zamu. Ikiwa kuna majuma manne kabla na siku kumi na mbili baada, basi mwajiri akiichukua tarehe 25 hajaichukua Krismasi. Ameichukua siku moja tu katika nyingi.

Tulianza Majilio nyumbani kwa mambo machache. Mishumaa minne kwenye sahani, mmoja unaongezwa kila Jumapili jioni, dirisha likifungwa kwa sababu kaskazi haina heshima na mishumaa. Somo fupi, wimbo mmoja, sala za watoto kwa maneno yao wenyewe. Jumatano na Ijumaa mimi na mume wangu tunafunga hadi jioni na kula chakula chepesi, na kile kinachookolewa kinawekwa kwenye kopo. Anayefanya kazi ya kuinama na kunyanyua magodoro ajipime. Mimi hunywa maji na chai ya rangi, na siku ya vyumba vingi nahamisha mfungo hadi siku ya mapumziko, kwa kuwa hakuna faida ya kuzimia kwenye ngazi. Jingine lililotusaidia ni kunyamazia maandalizi. Tulikubaliana kwamba ndani ya Majilio hatuzungumzi habari za nguo mbele ya watoto, wala hatutazami picha za sikukuu za watu kwenye simu wakati wa chakula.

Somo lililotushika zaidi ni sura ya tatu ya Luka, ambamo umati unamwuliza Yohana wafanye nini. Anawajibu: “Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu.” Watoto wanaoishi Unguja wanaijua kanzu vizuri, hivyo hapakuhitajika ufafanuzi. Mwanangu mkubwa alikwenda kabatini na kurudi na mashati mawili ambayo alikuwa akiyabania, na tukayapeleka pamoja na pesa za kopo kwa familia moja parokiani ambayo baba yao alikuwa amelazwa. Mistari michache mbele Yohana anawaambia askari watoshewe na mishahara yao. Hapo mume wangu alicheka, akasema Yohana angehubiri hayo hotelini tungemtafutia zamu ya usiku, lakini maneno hayo yalibaki mezani kwetu muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Kuhusu pesa nitasema wazi, kwa sababu wengi tunapoteza maana ya Krismasi kwenye pochi kabla hatujaipoteza moyoni. Pesa ya Januari hutengwa kwanza. Sisi tunaandika ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba kwenye daftari mwezi Oktoba, na sikukuu inapewa kile kinachobaki, hata kikiwa kidogo kiasi cha kuchekesha. Katika upatu wetu wa kazini kila mtu alikuwa akigombea zamu ya Desemba. Nilimwomba kijumbe anipangie Januari, naye alishangaa, akanipa mara moja. Bakshishi hatuihesabu kabla haijaingia mkononi, kwa sababu kuna Desemba ambazo wageni ni wengi na bakshishi ni chache. Pesa ya mama mzazi tunaituma wiki ya kwanza ya Desemba pamoja na ya kutolea, ili anunue vitu vyake bei hazijachachamaa, na tunamtajia kiasi mapema asije akaahidi watu kwa kutegemea pesa ambayo haipo. Mkopo kwa ajili ya sikukuu hatuchukui tena, wa benki wala wa simu.

Jambo gumu kuliko pesa lilikuwa kuwaambia ndugu. Nilipiga simu mapema, Novemba ikiwa bado changa, kwa kaka yangu mkubwa ambaye ndiye anayesimamia mambo ya ukoo.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Mmeshakata tiketi?”

“Kaka, mwaka huu Krismasi hatuji. Tutakuja wakati wa masika, tukae nanyi juma zima. Mchango wa mbuzi nitatuma, wa sare sitauweza.”

Alikaa kimya, kisha akauliza kama nimeshakuwa Mzanzibari. Alijua panapouma. Mama alipopewa simu hakuuliza habari za sare. Aliuliza kama watoto wanasali, nikamwambia habari za mishumaa, akaomba azungumze nao. Kwa anayekabiliwa na mazungumzo ya namna hii ushauri wangu ni kwamba ayafanye kwa sauti, si kwa ujumbe wa kuandika kwenye kundi la ukoo, kwamba ataje anachoweza na asichoweza katika sentensi moja, na kwamba atoe tarehe nyingine ya kweli ya kwenda. Tulikwenda Muheza masika, hoteli zikiwa tupu na likizo zikitolewa bila kusukumana. Mvua ilitunyeshea karibu kila siku na barabara ya kwetu ilikuwa matope matupu, lakini tulikaa na wazee hadi hadithi zikawaishia.

Upande wa kazi, msaada mkubwa ulitoka kwa wenzangu Waislamu. Katika idara yetu tulizoea kila mtu kupigania siku zake peke yake kwa meneja, na matokeo yake hakuna aliyepata. Mwenzangu mmoja, mama wa Makunduchi, ndiye aliyesema: “Dada, wewe nishikie Idd mbili zote, mimi nitakushikia mkesha wa Krismasi, twende kwa bosi pamoja.” Tulikwenda pamoja, na bosi aliyezoea kulalamikiwa alikubali haraka, kwa kuwa tulimletea jibu badala ya tatizo. Kuna mambo ya kuangalia hapa. Mabadilishano hayo yaandikwe kwenye ratiba ya zamu na kusainiwa, kwa sababu maneno ya mdomo hupotea siku mgonjwa mmoja anapopiga simu. Idd hufuata mwandamo wa mwezi, hivyo aliyekubali kuishika awe tayari kwa siku mbili, si moja. Na asiombe mkesha, tarehe 25 na tarehe 26 kwa pamoja, achague moja. Mimi nilichagua mkesha, na tarehe 25 naingia kazini. Ninajua hoteli ambazo wasimamizi hawakubali hata hilo, na kwa walioko huko ni lazima Misa iwe ya Dominika ya nne ya Majilio au ya Dominika inayofuata Krismasi, nayo ni Misa kamili bila upungufu wowote.

Kwenda kanisani usiku kutoka Tomondo kunahitaji mpango wake, kwa kuwa saa za kurudi daladala zimekwisha. Familia kadhaa za mtaani tunachangia gari la jirani mmoja ambaye si Mkristo na anayetusubiri nje hadi Misa iishe. Saa ya Misa iulizwe parokiani mapema, maana haiwi ile ile kila mwaka.

Tunakwenda Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Kristo, na kabla ya mkesha, katika moja ya Jumamosi za Majilio ninapokuwa na mapumziko, huwapeleka watoto pale mchana. Wageni wa hotelini kwetu hulipia safari kuja kuliona jengo lile, nami nilitambua kwamba watoto wangu wanaosali humo hawakuwa wakilijua. Lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali kwa mkataba na Waingereza kwamba soko lifungwe, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere aliyesimamia ujenzi amezikwa nyuma ya altare. Karibu na altare pana duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa wekundu, likionyesha ambapo, kwa mapokeo, palikuwa na mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Nje, kwenye shimo, kuna sanamu za watu wenye minyororo shingoni.

Binti yangu aliuliza kwa nini waliweka jiwe siku ya Krismasi na hawakungoja siku nyingine. Sijui walichowaza waliokuwapo, lakini nilimjibu kwa imani yangu: kwa sababu Krismasi ni habari ya Mungu kushuka hadi mahali ambapo watu wanauzwa, akawa mmoja wao, akazaliwa pasipo na kitanda. Akauliza kama watumwa walikuwa na watoto. Nilimwambia kwamba wengine walikuwa watoto. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Hakuna mahubiri ya hotelini wala ya kwenye redio ambayo yangeweza kuisafisha Krismasi kichwani mwangu kama mchana ule, na tangu hapo theluji ya pamba imeacha kuniudhi. Imekuwa pamba tu.

Tarehe 25 gari la wafanyakazi hunichukua kabla jua halijachomoza. Wakristo wa idara yetu ni wachache, wengi ni watu wa bara kama mimi, Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste, na kila mmoja alikuwa akiimeza huzuni yake peke yake nyuma ya toroli la mashuka. Tuliomba kwa meneja dakika chache kabla ya kazi kuanza. Wenzetu Waislamu wana chumba kidogo cha kuswalia, nao walitukaribisha, lakini tuliona si adabu kuwavurugia mikeka yao, hivyo tulipewa stoo ya mashuka. Hapo tunasoma sura ya pili ya Luka, tunaimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini na kusali Baba Yetu.

Sura hiyo niliisikia tangu utotoni, lakini nikiisoma nikiwa na sare ya kazi naiona imejaa watu wenye shida kama zetu. Kuna amri ya serikali inayowalazimisha watu kusafiri wakati usiofaa, kuna mama mjamzito njiani, kuna nyumba ya wageni iliyojaa. Na waliopelekewa habari kwanza ni wachungaji waliokuwa “wakikaa makondeni na kulinda kundi lao kwa zamu usiku.” Malaika hakungoja watoke kazini, wala hakuwalaumu kwa kutokuwa mahali pa ibada. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba kufanya kazi siku ya Krismasi ni kuikosa. Siku hizi naingia chumba cha kwanza, natandika kitanda cha mtu nisiyemjua aliyetoka mbali, na kazi hiyo naitolea kama sala. Sisemi kwamba inakuwa nyepesi. Mgongo unauma vile vile, na ikifika saa tisa alasiri nawaza watoto wangu wanakula nini.

Karamu yetu ya nyumbani iko ndani ya zile siku kumi na mbili, siku yoyote ninayopata mapumziko. Hapo watoto huvaa vizuri, ndugu wa mjini wenye zamu kama zetu huja, na pilau hupikwa. Kuku huchinjwa na mume wa Bi Mkubwa, ili kila atakayeletewa sahani ale bila wasiwasi, na sahani zinapelekwa nyumba kwa nyumba kama zinavyoletwa kwetu wakati wa Idd. Mwaka wa kwanza Bi Mkubwa alipoiona sahani inafika baada ya siku kadhaa alidhani tumesahau, nikamweleza kwamba sikukuu bado haijaisha. Alifurahi, akasema kwamba hata Idd haiishi siku moja. Tukazungumza habari za Mariamu, ambaye katika msahafu wao ana sura yenye jina lake, na ingawa kuhusu Mwanawe hatusemi kitu kimoja, na hakuna aliyejifanya kwamba tunasema kimoja, ilikuwa mara ya kwanza Desemba ile mtu kuniuliza Krismasi inahusu nini. Epifania tunawasha mishumaa yote, watoto wanaweka Mamajusi kwenye hori walilolitengeneza kwa makuti, na siku zinazofuata ni shule.

Yapo yasiyotatuliwa. Kaka yangu bado hunisema kila Novemba, na mwaka ambao wenzangu wote kwenye picha ya ukoo walikuwa wamevaa kitenge kimoja na mimi sipo, nililia jikoni. Watoto wakiona picha za binamu zao huuliza kwa nini wao hawakupata viatu, na jibu la Majilio halimtoshelezi mtoto wa miaka saba kila mara. Mwaka jana tulimnunulia, kwa pesa taslimu, na sijutii. Kuna Jumapili za Majilio ambazo mishumaa haikuwashwa kwa sababu nilirudi nimelala garini na nikaendelea kulala nyumbani.

Mwenye nia ya kujaribu haya hotelini kwake aanze Oktoba, kabla ratiba ya zamu za Desemba haijapangwa. Atafute mwenzake Muislamu wa kubadilishana naye, waende kwa msimamizi wote wawili, na ikiwezekana wachukue nakala ya ratiba iliyosainiwa. Simu ya nyumbani aipige juma hilo hilo.